Fito za kutengenezea mishale: nunua zipi, acha zipi

Mshale mbaya huanzia dukani. Fito za mviringo zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Marekani na Uingereza, zile ambazo maseremala huziita doweli, ni nafuu kuliko fito za mwerezi wa Port Orford zilizokwisha kupimwa na kupangwa na wauza mishale. Unafuu huo una sababu: zilichongwa kwa ajili ya viti na makabati, na hakuna aliyejali nyuzi za mti zinaelekea wapi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia tawi zima jembamba, wakalinyoosha kwa moto na meno, hivyo nyuzi zake hazikatwi. Ufito wa kiwandani umetoka kwenye ubao. Nyuzi zikipita mshazari, hapo ndipo utakapovunjikia, na kipande chenye ncha kinaweza kuingia kwenye mkono ulioshika upinde.

Kwa hiyo chagua ufito kwanza, aina ya mti baadaye. Uzungushe polepole ukifuata mistari ya nyuzi kwa jicho. Mstari ukianza upande mmoja na kutokea upande wa pili ndani ya sentimita 25, urudishe, hata kama umenyooka kama mshumaa. Fundo lolote, urudishe. Kisha uviringishe juu ya kaunta: ukiruka katikati kwa milimita mbili tatu, utanyooka nyumbani kwa joto la jiko na kiganja, ukiwa na kona ya ghafla, hautanyooka. Chagua fito 20 ukitaka mishale 12, maana nyingine zitaanguka kwenye mizani.

Unene ndio unaowaponza wengi. Ukakamavu hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo kutoka milimita 8 hadi 9 tu unapata ziada ya asilimia 60. Kwa upinde ambao nguvu ya kuuvuta ni pauni 40 hadi 45 (kilo 18 hadi 20), ufito wa inchi 5/16, yaani milimita 7.9, kwa kawaida hupinda mno. Tafuta 11/32 (milimita 8.7). Maduka mengi hayana, basi nunua 3/8 (milimita 9.5) uupunguze kwa msasa. Urefu wake uwe angalau sentimita 91, ili upate nafasi ya kukata ncha mbovu.

Haya ndiyo mapendekezo yetu, kuanzia bora:

1. Birchi. Nyuzi zake ni nyembamba, haina vitundu vikubwa, na hustahimili kugonga mti au jiwe. Uti wa sentimita 75 wenye unene wa milimita 8.7 una uzito wa takriban gramu 29, ambao ni mzito kiasi. Kwa anayeanza na kupotezapoteza mishale, hakuna inayoishinda.

2. Popla. Dukani Marekani jina hili huwa ni mti wa tulipu, si popla ya Ulaya iliyotengenezewa sehemu kubwa ya mishale ya meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545. Ni nyepesi, takriban gramu 20 kwa kipimo kilekile, kwa hiyo mshale huenda mbali zaidi. Lakini ni laini: huvunjika nyuma ya kigumba, na kwa upinde wa pauni 45 utahitaji unene wa kama milimita 9.

3. Ramini. Imenyooka kuliko zote hapa, ndiyo maana zamani ilipendwa. Ikivunjika hutoa vibanzi virefu. Tena mti huu wa Asia ya Kusini-Mashariki uko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2005. Usinunue shehena isiyo na karatasi.

4. Mwaloni. Jina lake linavutia, ndilo tatizo. Una vitundu vipana, nyuzi zake mara nyingi zimekatwa mshazari, na ni mzito kuliko birchi bila faida inayoonekana. Uachie ngazi na makabati.

Fito zenye kibandiko cha “mbao ngumu” tu, bila jina la mti, huwa zimechanganywa. Ukiziona zimenyooka, pima kila moja peke yake.

Kupima hakuhitaji mashine. Gonga misumari miwili kwa umbali wa sentimita 66, ulaze ufito juu yake, kisha tundika katikati chupa ya maji yenye uzito wa gramu 907 pamoja na chupa yenyewe. Mistari ya miaka inayoonekana kwenye ncha ya ufito isimame wima wakati wa kupima. Gawanya 660 kwa milimita ulizoshuka ufito: ukishuka 16.5 unafaa upinde wa pauni 40, ukishuka 14.7 unafaa pauni 45. Weka seti moja ndani ya tofauti ya milimita 1 ya kushuka na gramu 1.5 za uzito. Mshale ukiwa mrefu kuliko inchi 28, chukua ufito mkakamavu zaidi, takriban pauni 5 kwa kila inchi iliyozidi. Na ukichonga mkato wa kamba nyuma ya mshale, uukate kukingama mistari ile ya miaka; ukiufuata, kamba itapasua uti mara ya kwanza unapoachia.