Baiskeli ya gia ya mtumba ukiwa Tanga: ipi ununue kwanza, ipi uiache hapo hapo

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma hapa huku muuzaji anapiga simu. Kama ndiyo kwanza unaanza, unaishi Tanga, na unataka baiskeli ya gia ya mtumba ya kwendea kazini siku za kawaida na kufika nayo Amboni au Muheza Jumapili, tafuta ya ringi 26 (kwa inchi), breki za raba, gia saba nyuma, foku (ule uma unaoshika ringi ya mbele) ngumu au yenye shokapu za mbele tu. Zilizo chini yake kwenye orodha hii zimewekwa chini kwa sababu ambayo karibu kila mara ni moja: fundi wako.

Ukinunua baiskeli ya mtumba umenunua na matengenezo yake ya mwaka mzima. Tanga mafundi baiskeli hatuna shida nao. Ingia Ngamiani au Makorora utamkuta mtu barazani na beseni lake la maji ya kutafutia pancha. Lakini wengi wao wamelelewa na Phoenix, zile baiskeli zisizo na gia. Habu, spoki, cheni, gololi, hivyo wanavifungua hata wakiwa wanapiga soga. Umpelekee kitu ambacho spea yake haipo dukani, atafanya anachoweza, na anachoweza wakati mwingine ni waya na nyundo.

1. Ringi 26, breki za raba

Hizi ni mauntenbaiki za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wakati ringi 26 ilikuwa ndiyo ringi ya mauntenbaiki karibu dunia nzima. Giant, Trek, Specialized, GT, Scott, Marin: ukikuta jina mojawapo kwenye fremu iliyopauka, simama uiangalie. Rangi isikutishe. Rangi mpya ndiyo inayotakiwa kukutisha, kwa sababu mtu hapaki fremu ya mtumba rangi upya bila kuwa na la kuficha, na mara nyingi linalofichwa ni ufa au mahali palipochomelewa.

Mimi foku ngumu naipenda kuliko shokapu kuukuu. Shokapu iliyozeeka bila kufunguliwa hata mara moja, tena ikakaa pwani, mara nyingi imeshakufa: ama haibonyei, ama ikibonyea hairudi. Unabaki kubeba chuma kizito bure. Foku ngumu haina cha kuharibika, na tairi nene ya 2.1 isiyojazwa upepo kupita kiasi inameza mawe madogo vizuri tu. Kama ina shokapu, tazama ile mirija ya ndani inayong'aa. Ikiwa na kutu au mikwaruzo unayoisikia kwa kucha, hesabu kwamba shokapu hazipo, na bei ishuke hivyo.

Breki za raba zina ugonjwa mmoja ambao wanunuzi wengi hawaujui. Raba hailiki peke yake, inakula na ringi. Pitisha kidole pale raba inaposhika. Pakiwa bapa, sawa. Kidole kikizama kwenye bonde, ringi imekwisha, na siku moja ubavu wake utapasuka ukiwa mteremkoni.

Kuhusu gia, soma jina dogo kwenye kibadilisha gia cha nyuma. Kwa Shimano, kampuni ya Japani ya gia na breki, kutoka chini kwenda juu, mfuatano ni Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore, SLX, XT, na kileleni XTR. Acera au Alivio inamtosha kabisa anayeanza. Deore kwa bei hiyo hiyo, usiiache. Ila XT iliyochakaa haiifikii Altus nzima, kwa hiyo usinunue jina.

Kisha hesabu meno, hasa kama una ndoto za kupanda Amani, kule milima ya Usambara. Kule ni karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari na wewe unatokea pwani, kwenye sifuri. Kanuni ni rahisi: meno ya gia ndogo kabisa ya mbele yasizidi meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Mbele 28 na nyuma 28, utapanda kwa jasho. Mbele 22 na nyuma 32, utapanda huku unaongea. Mbele 42 peke yake na nyuma 28, utasukuma kwa miguu, na watoto watakusindikiza.

2. Diski za waya, ringi 26 au 27.5

Nzuri, hasa masika, kwa sababu diski haijali ringi ikilowa tope. Zinavutwa kwa waya wa kawaida, na fundi anayeelewa diski za pikipiki haimpi tabu. Shida ni pedi: kila aina ina umbo lake. Kabla hujalipa, chomoa pedi moja upige picha, uulize madukani kama ipo. Haipo? Basi panga kuagiza Dar kabla hazijaisha, si baada.

3. Ringi 29 na breki za mafuta

Kama ni nzima, hii ndiyo baiskeli bora kuliko zote humu. Inapita juu ya mashimo ambayo 26 inatumbukia, na breki unazikamata kwa kidole kimoja. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya hicho kilichomo ndani ya bomba la breki. Shimano wanatumia mafuta ya madini. Breki nyingi za Avid zinatumia DOT, jamaa ya yale mafuta ya breki za gari na pikipiki. Ukimwaga DOT ndani ya breki ya Shimano, raba za ndani zinavimba na kuharibika, na breki imekwenda. Na DOT ndiyo iliyojaa kila duka la spea za pikipiki. Kwa hiyo bonyeza breki ukiwa umesimama, uishikilie kwa muda. Mkono wa breki ukizama polepole mpaka ukagusa usukani, au ukihitaji kupampu ndipo ishike, muulize muuzaji ndani kuna mafuta gani. Breki ikiwa ya Shimano naye akajibu "mafuta ya breki ya kawaida tu", shukuru na uondoke.

4. Za Japani zenye sura ya mauntenbaiki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko wanaoanza wengi wanakoumia. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani ni za mjini: kapu mbele, taa ya dainamo, kufuli ya ringi. Hizo ni imara na kwa mji tambarare kama wetu zinafaa sana, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni zile zilizovalishwa usukani mnyoofu na gia sita zikaitwa za milimani. Soma stika za kwenye fremu. Baiskeli za namna hii zilizotengenezwa kwa bei rahisi mara nyingi zina onyo la kiwandani kwamba zisipitishwe njia mbaya.

Mtego mkubwa uko kwenye tairi. Ubavuni kumeandikwa 26, nawe unajua 26 unaijua. Angalia namba inayofuata. Ikiwa na nukta, kama 26 × 1.95, hiyo ni ya mauntenbaiki. Ikiwa na mkwaju (/), kama 26 × 1 3/8, hiyo ni ringi nyingine kabisa. Ya kwanza kipenyo cha kukalia tairi ni milimita 559, ya pili ni 590. Milimita 31 hazivutiki kwa spana wala kwa sabuni. Watu hununua tairi nene ya mashamba, wakafika kwa fundi, ikagoma, wakamlaumu fundi. Namba ya kuamini ni ile ya tarakimu tatu baada ya kistari, 559 au 590, imeandikwa hapo hapo ubavuni kwa herufi ndogo.

5. Zenye shokapu mbele na nyuma, zinazong'aa

Acha. Zile halisi ni ghali hata zikiwa kuukuu, na bushi zake za nyuma hutazipata hapa. Zile za bei nafuu ni springi nzito inayokula nguvu zako kila unapokanyaga. Anayekwambia "kaka, hii ina shoku nne" anakuuzia uzito.

Siku ya kwenda kuangalia

Nenda mchana, nenda na sumaku. Ile ya spika mbovu inatosha. Ikinasa, fremu ni chuma. Isiponasa, mara nyingi ni alumini. Chuma kikipasuka, fundi wa kuchomelea atakisaidia. Alumini ikipasuka usiiguse, hata kama imechomelewa vizuri machoni. Adui wa chuma ni chumvi, na sisi tunaishi nayo. Chomoa bomba la kiti uchungulie ndani, kisha geuza fremu juu chini. Maji ya kutu yakitoka, umeshaona. Bomba la kiti likikataa kutoka kabisa, usikubali maneno ya "litalegea tu". Alumini iliyogandana na chuma kwa chumvi inaweza kuhitaji msumeno.

Cheni ipime kwa tepu ya seremala. Pini ya kwanza iweke kwenye sifuri, hesabu pini 24 mbele. Kwenye cheni mpya, pini hiyo ya 24 iko kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni ibadilishwe. Ikizidi kwa moja ya nane, friwili (yale meno ya nyuma) nayo imekwenda, na ukitia cheni mpya peke yake itaruka.

Mji wetu hauna mlima wa kujaribia, kwa hiyo gia inayoruka inajificha. Panda, kanyaga kwa nguvu huku umebana breki ya nyuma kidogo. Hapo itakuwa umejitengenezea mlima mwenyewe. Kisha simama, bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga shingoni, gololi za usukani zimelegea au zimeliwa. Na jua breki ipi ni ipi: za Japani na Uingereza mkono wa kulia ni breki ya mbele, za Ujerumani na Uholanzi kawaida ni kushoto. Mteremko wa Amani si mahali pa kuligundua hilo.

Valvu nayo itazame. Nene kama ya gari, utajaza upepo kituo chochote cha mafuta. Nyembamba yenye kijipini cha kufungua juu, nunua adapta siku hiyo hiyo. Kwa upande wa kimo, simama umeweka bomba la juu katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Pakibaki nafasi ya vidole vitatu au zaidi, inakufaa. Usiponunua kimo chako goti litakudai.

Namba ya fremu kwa kawaida iko chini, pale ekseli ya pedali inapopita. Iandike kwenye karatasi ya mauziano, mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, na muuzaji atoe nakala ya kitambulisho. Namba ikiwa imekwanguliwa, au muuzaji ni wa waja leo waondoka leo asiyetaka hata kutajwa mtaa anaolala, bei nzuri isikulainishe.

Na pesa usimalizie kwa muuzaji. Kama una laki mbili, nenda na laki moja na nusu, hata akikubembeleza kwamba "niungishe basi, wewe mteja wangu wa kwanza". Iliyobaki ni ya waya, raba, cheni na tyubu ya akiba. Mwambie fundi afungue habu zote mbili na shingo, aoshe gololi kwa mafuta ya taa na kutia grisi mpya, kwa sababu ile ya kiwandani itakuwa imeshageuka gundi. Kaa naye akifanya hivyo, uone gololi zikitoka. Zenye vidoa zisirudishwe.