Kufuli la mazoezi la plastiki angavu: linamfaa nani?

Kwa anayeanza ufundi wa kufuli Kampala, kifaa hiki kinafaa kwa hatua moja tu: kuona. Ufunguo ukiingia, unaona pini za chini zikisukuma pini za juu dhidi ya springi, hadi maungio yao yote yalingane na ukingo wa kiini (sehemu ya ndani inayopokea ufunguo), ndipo kiini kinazunguka. Mchoro hauonyeshi hivyo.

Kasoro yake ni ulegevu. Matundu ya pini ni mapana mno, hivyo ukikwaruza pini kidogo tu kwa chuma chembamba, bila ufunguo, linafunguka, na mwanafunzi anajiona fundi kabla ya wakati. Wengi pia wanakaza mno chuma cha pili, kile cha kuzungushia kiini. Pini zinabanwa na hazipandi. Kidole kimoja, tena chepesi, kinatosha.

Baada ya hapo nunua silinda kuukuu ya kitasa, yenye pini 5, ujifunze kubadilisha pini. Toa kibanio cha nyuma, ingiza ufunguo, zungusha kiini kidogo, kisha kisukume nje kwa kijiti chenye unene uleule. Kijiti kisiachane na kiini hata kidogo: ikipatikana nafasi, springi na pini za juu zinaruka, na kuzitafuta sakafuni ni kazi.

Usiweke mafuta mazito. Yananasa vumbi na kugandisha pini. Weka unga wa grafiti.

Leseni ya biashara ya KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) inakuruhusu kufungua duka, lakini haithibitishi ustadi wako. Mazoezi ya silinda halisi hayakwepeki.