Kamera ya filamu kwa picha za sura: ipi uanze nayo, ipi isubiri

Kila anayetaka kuanza kupiga picha za sura kwa filamu huuliza anunue kamera gani. Mimi humrudishia swali: ukishainunua, utabakiwa na hela ya filamu ngapi? Bodi ya kamera ni kisanduku cha giza chenye shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa kuingiza mwanga. Uso unachorwa na lenzi, na mkono unafundishwa na filamu ulizomaliza. Kwa hiyo sikupanga kwa umaarufu. Nimeangalia kila kamera inakuachia nini mfukoni, na ina tabia gani mtu akiwa ameshakaa kwenye kiti anakungoja. Zote ni za zamani, na utazipata zikiwa zimeshatumika.

1. Nikon FM na lenzi ya 105mm f/2.5

FM ilitoka 1977, na FM2 ikafuata 1982. Shata zao zinaendeshwa na springi. Betri mbili ndogo kama za saa ni za mita ya mwanga tu, zikiisha unaendelea kupiga. FM2 inafika kasi ya shata ya 1/4000 ya sekunde na ndiyo inayogombaniwa. Usiingie kwenye mnada huo. FM inafika 1/1000, na kwa picha za sura inatosha. Fedha utakayookoa iweke kwenye lenzi.

Nasema lenzi kwa sababu hii. Chukua lenzi ya 50mm, msogelee mtu mpaka uso ujaze fremu, halafu tazama pua inavyotangulia na masikio yanavyorudi nyuma. Lenzi haina kosa, tatizo ni umbali. Ukiwa na 105mm unasimama kama mita moja na nusu, unapata kichwa na mabega, pua inabaki saizi yake na mtu hahisi unampumulia usoni. Steve McCurry alimpiga yule binti wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, aliyetokea kwenye jalada la National Geographic Juni 1985, kwa Nikon FM2 na lenzi hiihii ya 105mm f/2.5. Hainunuliki kwa bei ya karanga, lakini ni ya aina ambayo hutaiuza tena.

Angalizo la jua. Filamu ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga) kwenye jua kali la mchana inataka tundu la lenzi la f/16 kwa kasi ya kama 1/400; namba ya f ikipungua, tundu linapanuka. Ukifungua tundu hadi f/2.8 ili mandhari ya nyuma ilainike, utahitaji kasi ya kama 1/12,800, ambayo hata FM2 haina. Mtoe mtu juani umweke kivulini, pale anapoona anga lakini jua halimgusi, hapo f/2.8 na 1/1000 vinaanza kuelewana.

2. Pentax K1000

Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na walioshika kamera kwa mara ya kwanza darasani wengi walishika hii. Haina mbwembwe. Nimeiweka nyuma ya FM kwa jambo moja dogo linalokera: mita yake ni sindano nyeusi, na ukiwa chumbani kwa mwanga hafifu wa dirisha, mwanga mtamu kuliko wote kwa uso, sindano huioni. FM inawasha vitaa vyekundu. Tena mita ya K1000 haina swichi. Usipofunika lenzi ukiiweka kabatini, betri inaliwa kimyakimya. Ikiwa fedha ni kidogo, nunua hii pamoja na 50mm, kisha tafuta 135mm f/2.8 polepole. Piga kuanzia kiunoni hadi kichwani kwa 50mm, acha nyuso za karibu zisubiri.

3. Canon EOS ya plastiki

Hii wengi wanaidharau. Lakini kama tayari una lenzi za Canon za EF kutoka kwenye kamera yako ya dijitali, sehemu ya kufungia lenzi hizo haijabadilika tangu 1987, na bodi za EOS za filamu huuzwa bei ya kutupa. 85mm f/1.8 yako inakaa palepale na fokasi inajitafuta. Lenzi za EF-S hazikai, zile zilitengenezwa kwa kihisi kidogo. Mtu mwenye lenzi hizo nyumbani anaweza kuruka namba 1 na 2 bila kujuta.

4. Canon AE-1

Inapendeza mkononi, na sura hiyo ndiyo unayolipia. Ilitoka 1976, na ikiwa kwenye otomatiki wewe unachagua kasi, yenyewe inachagua tundu. Kwa picha za sura hilo ni kinyume: tundu ndilo tunalotaka kulishika sisi, kwa kuwa ndilo linaloamua kama masikio yatakuwa makali au laini. Betri ikifa, kamera imekufa. Ukiisikia ikitoa mlio kama wa bawaba kavu kila unapofyatua, inadai mafuta ndani.

Mamiya RB67 isubiri

Nimeitoa kwenye mstari kwa sababu picha zake zinazishinda zote hapo juu, na bado nakukataza kuanza nayo. Negativu yake ya sentimita 6x7 inabeba ngozi, nyuzi za shati na unyevu wa jicho kwa namna ambayo filamu ndogo ya 35mm ya kamera zile nyingine haiwezi. Lakini ina zaidi ya kilo mbili, haina mita, unavuta mkono mmoja kukoki shata na mwingine kusogeza filamu, na ukisahau kuchomoa kile kibao cha kuzuia mwanga, haifyatuki. Filamu moja ni picha 10. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Ukishafika mahali ambapo picha 10 unaziona nyingi, ndipo uitafute.

Filamu

Anza na Ilford HP5 Plus, ya nyeusi na nyeupe. Inasamehe, inakubali kusafishwa nyumbani kwa tangi dogo, na mwanga ukikosekana unaiweka ISO 1600 na kuiongezea muda kwenye dawa. Kwa rangi, Kodak Portra 400, nami huiweka ISO 200 kwenye kamera ili negativu ishibe mwanga. Kodak Gold 200 ni ya mazoezi, na ngozi huitia joto ambalo baadhi ya watu wanalipenda. Filamu zilizoisha muda waachie wanaopenda bahati nasibu.

Mita zote hizi zinadhani dunia ni ya kijivu. Mpige mtu mweusi aliyevaa shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, nayo itasoma weupe, itabana mwanga, na uso utazama. Dawa yake iko mkononi mwako: weka kiganja kwenye mwanga uleule unaompiga usoni, kipime, kisha ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Viganja vya watu havitofautiani sana kwa weupe, ndiyo maana njia hii inafanya kazi kwa ngozi zote.

Kabla hujalipa

Fungua mlango wa nyuma uguse sponji za pembeni. Zikikuachia lami kidoleni, mwanga utavuja, ingawa kubadilisha ni kazi rahisi. Weka shata kwenye B, ambapo hubaki wazi ukiwa umebonyeza, shikilia, chungulia kwenye taa: nyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi ni kuvu, irudishe. Fyatua sekunde moja na usikilize kama inamaliza bila kukwama. Linganisha mita na programu ya simu.

Na ukishaipata, ukikokota filamu tazama kitufe cha kurudishia upande wa kushoto. Lazima kizunguke. Mimi nilimpiga mzee mmoja saa nzima, mwanga wa dirisha, koti lake la zamani, akanipa hadi kicheko. Kaunta ikahesabu 36, ikapita 38. Nilipofungua, ulimi wa filamu ulikuwa umechomoka kwenye kipete tangu mwanzo, na filamu nzima imelala ndani ya kopo lake.