Uzoefu wangu wa kutibiwa presha na daktari mmoja, Tanga

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia wa sekondari hapa Tanga, mama niliyevuka miaka hamsini, na nina presha. Kwa miaka kadhaa sasa natibiwa katika kituo kimoja cha afya cha binafsi huku Ngamiani, na daktari ni yule yule. Katika huduma zote ninazozilipia, hakuna ninayoithamini kama hii. Nimeona niandike kwa ajili ya wenzangu wenye maradhi ya kukaa nayo, kwa sababu tunaulizana sana hospitali ipi ina mashine nzuri na ni nadra kuulizana nani anatufahamu.

Nianze na malipo, maana ndilo swali la kwanza. Mimi ni mtumishi wa umma, kwa hiyo nakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaweka 3 nyingine, na kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inanifungulia mlango wa kituo chochote kilichosajiliwa na mfuko. Uhuru huo ni neema, lakini ndio unaotufanya tuhamehame. Foleni ikiwa ndefu hapa leo, kesho mtu yuko kwingine, na kila anakokwenda anaanza upya: jina, umri, unasumbuliwa na nini. Kwa malaria au kidonda hilo halina madhara makubwa. Kwa presha, ambayo utameza dawa zake pengine maisha yako yote, madhara yapo, na nitayaeleza kwa yaliyonikuta.

Siku ya kwanza nilipimwa mapokezi, mashine ikasoma 168 kwa 102. Nilipoingia kwa daktari, dada mdogo kwangu kwa umri, aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," akanionyesha kiti na kuisogeza kando ile karatasi yenye namba.

"Umekuja kwa mguu?"

"Ndiyo, kutoka shuleni."

"Basi tupumzike kwanza. Egemea kiti, miguu yote miwili chini, usiikunje. Haja ndogo umeshakwenda?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo kabla ya kunipima. Akanieleza kwamba kibofu kilichojaa hupandisha presha, na kuongea wakati mkanda unabana hupandisha pia, na vivyo hivyo mkono unaoning'inia badala ya kulazwa mezani usawa wa moyo, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene. Tukakaa kimya kama dakika tano. Akapima mikono yote miwili, akarudia. Namba zilishuka kidogo ingawa zilibaki juu, na hakuniandikia dawa papo hapo. Alitaka kuona vipimo vya siku nyingine, akaagiza kipimo cha figo na sukari, ndipo tukaanza. Imani yangu kwake ilianzia hapo. Nilimwona anatafuta ukweli wa mwili wangu kabla ya kuamua.

Dawa ya kwanza ilikuwa enalapril. Aliniambia neno moja ambalo naomba kila mgonjwa aambiwe: "Ukiona kitu chochote kipya, hata ukidhani hakihusiani, kiandike na tarehe yake uniambie." Nikanunua daftari la kawaida, yale ya wanafunzi, nikaanza kuandika.

Miezi ilipita, tukaenda likizo Lushoto kwa wakwe. Nikaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, hakina makohozi wala homa, kinanishika zaidi usiku hadi nyumba nzima inaamka. Kule kuna baridi, kila mtu akasema ni mafua ya milimani. Kilipozidi wiki mbili nilikwenda hospitali moja, wakanipiga picha ya kifua, wakanipima kifua kikuu, wakanipa antibayotiki na dawa ya maji ya kikohozi. Siwalaumu. Katika nchi yetu mtu anayekohoa wiki mbili lazima apimwe kifua kikuu, na walifanya lililo sahihi kwa mgonjwa wanayemwona kwa mara ya kwanza. Waliuliza kama natumia dawa nyingine, nikajibu za presha, wakaandika "presha" wakaendelea.

Niliporudi Tanga daktari wangu alisikiliza kifua, akasoma majibu niliyokuja nayo, kisha akafungua faili na kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka siku tuliyoanza enalapril. Akaomba na daftari langu. Akaziweka tarehe mbili sambamba. Akasema dawa za kundi hilo, enalapril, captopril na lisinopril, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, wanawake zaidi ya wanaume, na huweza kuanza hata miezi baada ya kuzizoea. Akanibadilishia losartan, dawa ya presha ya kundi jingine, akanionya kwamba kikohozi hakitaisha kesho. Kiliisha baada ya wiki chache, bila chupa nyingine ya dawa.

Nimeifikiria sana siku ile. Daktari wangu si mjuzi kuliko wale wa Lushoto, huenda wao wana uzoefu mkubwa zaidi. Yeye alikuwa na tarehe. Alijua nilivyokuwa kabla ya kukohoa, na hilo halimo katika picha ya kifua.

Kuna maswali anayoniuliza kila ninapokwenda, hata kama aliyauliza mara iliyopita. Mojawapo ni magoti. Anajua nasimama darasani siku nzima, na anajua kwamba diklofenaki inapatikana kila duka la dawa muhimu bila mtu kuuliza chochote. "Magoti je, mwalimu? Yakiuma unameza nini?" Diklofenaki na ibuprofen zinaweza kupandisha presha, na zikichanganywa na losartan zinaweza kuzielemea figo, kwa hiyo tulikubaliana paracetamol, dawa ya kuchua, na kiti karibu na ubao. Swali jingine ni dawa za asili. Huuliza kwa sauti ile ile anayoulizia usingizi: "Kuna kitu cha nyumbani unatumia? Sikukatazi, nataka nikijue tu." Nikamwambia juisi ya rozela na vitunguu swaumu. Akaviandika kwenye faili, akasema niendelee kunywa rozela bila sukari nyingi, ila visichukue nafasi ya vidonge. Najua watu wengi wanaofichua dawa za mitishamba hospitalini hukaripiwa, na mtu akikaripiwa mara moja hasemi tena. Daktari asiyekaripia anapata habari ambazo hakuna maabara itakayompa.

Wifi yangu alikuja kunitembelea kutoka Korogwe, naye ana presha, na yeye ni wa kuhama vituo. Nilimshawishi tukaonane na daktari huyu. Tuliambiwa tubebe kila anachomeza, vyote kwenye mfuko, hata kisicho na lebo. Daktari akavipanga mezani. Mabox mawili yenye majina tofauti na rangi tofauti, kutoka vituo viwili, ndani yake yote ilikuwa dawa moja ya presha, amlodipine. Wifi alikuwa anameza zote mbili kila asubuhi, kwa uaminifu kabisa, kama alivyoandikiwa. Miguu ilikuwa imevimba na viatu havimwingii, naye akidhani ni uzee. Daktari hakusema neno baya juu ya waliomwandikia. Alimwonyesha jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, akamwelekeza ibaki ipi, akasema, "Mama, usiache dawa ghafla, ila hizi mbili ni moja." Kuvimba miguu ni athari inayojulikana ya amlodipine, hasa dozi ikiwa kubwa. Wifi sasa ana daktari mmoja huko kwao, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Jambo la faragha ni la muhimu mno, na kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa zaidi katika vituo vyetu. Sehemu nyingi mlango wa chumba cha daktari uko wazi, mgonjwa anayefuata ameshaketi kwenye benchi ndani, anasikia kila kitu. Katika mji kama wetu huyo mtu huenda ni mzazi wa mwanafunzi wako. Daktari huyu huinuka mwenyewe akafunga mlango. Nilipofikia umri wa kukoma hedhi nilikuwa na mambo ambayo hata kwa dada zangu niliyasema nusunusu. Kwake niliyasema yote, kwa sababu nimeshuhudia kwa muda mrefu kwamba ninayoyaacha mle chumbani hubaki mle chumbani.

Tena anajua kusema hajui. Mwaka mmoja kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kitu kisichompendeza. Aliniambia wazi kwamba hawezi kukisoma kwa uhakika na hataki kubahatisha, akanianzishia njia ya rufaa hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nilipanda basi na hofu, lakini barua yake ilikuwa na historia nzima: dawa zote, tarehe zote, hata kile kikohozi. Bingwa aliyenipokea alisoma kwanza ndipo akaniuliza. Nilifanyiwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, moyo ukaonekana uko salama, ila misuli imeanza kunenepa kidogo kwa sababu ya presha ya siku nyingi. Niliporudi tulikaa na daktari wangu tukasoma majibu mstari kwa mstari, mimi nikiuliza kama mwanafunzi. Dozi ikabadilishwa, chumvi ikapungua zaidi mezani kwangu.

Norwei tangu mwaka 2001 mkazi huandikishwa kwa daktari wake mmoja wa kudumu. Mwaka 2022 watafiti wa huko walichapisha matokeo yanayohusu watu wapatao milioni 4.5: waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokaa na daktari wao mwaka mmoja tu, uwezekano wao wa kulazwa ulikuwa pungufu kwa asilimia 28, na wa kufariki katika kipindi kilichoangaliwa kwa asilimia 25. Kama mwalimu wa sayansi najua takwimu za namna hiyo hazithibitishi kwamba daktari mmoja ndiye chanzo pekee. Lakini niliposoma nilikumbuka zile tarehe mbili kwenye faili langu, na sikushangaa.

Sasa upungufu. Foleni yake ni ndefu, kwa sababu anamsikiliza kila mtu kama anavyonisikiliza mimi. Mwenye haraka atachoka. Hayupo kila siku, na mapokezi wakati mwingine hukupangia mwingine usipotaja jina lake mapema. Namba yake ya simu hatoi, unapiga ya kituo na muuguzi anampelekea ujumbe. Mwanzo niliona ugumu, siku hizi naona ni haki yake, naye ana watoto nyumbani. Bahasha haipokei. Niliwahi kumpelekea machungwa ya Muheza, akayagawa kwa wauguzi wote mbele yangu.

Najua wengi hutibiwa katika vituo vya serikali, ambako madaktari huhamishwa na kliniki huendeshwa na yeyote aliye zamu. Bado inawezekana. Uliza mapokezi siku za zamu za yule uliyeelewana naye, na panga siku zako za kliniki zifuate zake. Wala si lazima awe na shahada ya udaktari. Wengi wa tunaowaita madaktari ni matabibu, na tabibu mwangalifu anayekujua miaka mitano ni hazina kwa mgonjwa wa presha. Daftari lako ni lazima: namba za presha, dawa na dozi, tarehe ya kuanza na ya kuacha, dawa zinazokudhuru. Akihamishwa, muombe akuandikie muhtasari kabla hajaondoka. Na kama umempata daktari anayekudharau au asiyetaka maswali, usivumilie kwa ajili ya kuzoeana tu. Badilisha mapema, kisha tulia na huyo mpya.

Jambo moja daktari wangu mwenyewe hulisisitiza, nami nalirudia kwa niaba yake. Kifua kikibana, mdomo ukienda upande, mkono au mguu ukikosa nguvu ghafla, au maneno yakigoma kutoka, usiulize kama yuko zamu. Nenda hospitali ya karibu yenye huduma za dharura wakati huo huo, usiku au mchana, na daftari lako mkononi.