Maji au upepo: umeme wa jamii vijijini Wales

Kijiji cha Wales kinachotaka umeme wake chenyewe hutazama mto au kilima. Bethesda walichagua mto: mtambo wa Ynni Ogwen, wa kilowati 100, ulianza kazi mwaka 2017. Kikundi cha jamii cha Awel Aman Tawe kilichagua upepo: walipanda juu ya mlima Mynydd y Gwrhyd na kusimika mitambo miwili ya upepo, megawati 4.7 kwa jumla.

Kwa maji, pima kwanza. Lita 100 kwa sekunde zikishuka mita 50 hutoa takriban kilowati 34, ufanisi ukiwa asilimia 70. Kazi kubwa iko kwenye chujio, pale maji ya mto yanapoingia bombani: majani ya Oktoba hujibandika kwenye vyuma, maji hupungua bombani, umeme hushuka, na lazima mtu aende na reki. Kiangazi mtambo huweza kusimama, maana leseni hutaka maji yabaki mtoni kwa ajili ya samaki. Ni haki yao.

Upepo huzalisha zaidi, ila kasi ikipungua nusu, nguvu hubaki sehemu moja tu ya nane. Kibali huchukua miaka. Kijiji kidogo chenye kijito cha mteremko mkali kianze na maji.