Overlord msimu wa 4: mikokoteni ya nafaka imenitibua nyongo

Nimemaliza msimu wa 4 wa Overlord, katuni ya Kijapani (anime) iliyotokana na riwaya, na hasira haijanitoka. Kama hujautazama na hupendi kuhadithiwa, ishia hapa hapa, maana nitataja nani anakufa na anakufa kwa sababu gani. Hiyo sababu ndiyo inayonikera.

Ufalme mzima wa Re-Estize, na miji yake, na makabaila wake, na watoto wachanga wake, unafutwa kwa sababu bwana mdogo mmoja aitwaye Philip kateka msafara wa nafaka. Mikokoteni ilikuwa inapita na bendera ya Mfalme Mchawi, Ainz Ooal Gown. Philip akaona hapo pana chakula na pana jina la kujipatia, akaichukua. Mimi sina ugomvi na kosa dogo kuzaa msiba mkubwa, ndivyo vita vingi vinavyoanza. Ugomvi wangu ni jinsi tukio lenyewe linavyokimbizwa. Episodi za mwanzo zinatuonyesha Philip akiingia kwenye dhifa pamoja na Albedo, msaidizi mkuu wa Ainz, kifua mbele, mtoto wa tatu wa kabaila ambaye hakutarajiwa kurithi hata kiti, sasa anajiona mtu mzito. Nikasema hapa tumepata mtu. Nilitaka nikae naye, nione kiburi kinavyomla kidogo kidogo mpaka anyooshe mkono kwenye mali ya asiyeguswa. Wapi! Tunaenda kwingine, tunazunguka huko, tunaporudi nafaka imeshatekwa na ufalme umeshahukumiwa.

Halafu jiulize: nafaka ile ilikuwa inakwenda wapi? Ilikuwa msaada wa chakula kwa Ufalme Mtakatifu. Ufalme Mtakatifu umefikwa na nini hadi usaidiwe chakula? Vita. Vita gani, na nani kaianzisha? Hapo utatafuta mpaka uchoke, kwa sababu vita hiyo haimo. Msimu umechukua kitabu cha 10, cha 11 na cha 14 vya riwaya, ukaviruka cha 12 na cha 13, na hivyo viwili vikatengenezewa filamu iliyotoka Japani Septemba 2024. Msimu wenyewe ulirushwa kati ya Julai na Septemba 2022. Kwa hiyo mtazamaji kakaa miaka miwili na shimo katikati ya hadithi, na shimo lenyewe liko pale pale kwenye mzizi wa vita inayomaliza msimu!

Nilipomuuliza jamaa yangu mmoja anayejiona bingwa wa mambo haya, akanijibu kwa dharau kwamba nikasome riwaya. Sipendi jibu hilo. Riwaya za Kugane Maruyama ni nzuri, nani asiyejua, ila mimi nimeketi kutazama anime, na anime lazima ijitosheleze. Mpishi hakwambii ukale nyama kwa jirani kisha urudi kwake unywe mchuzi.

Na ninashika jambo hili kwa nguvu kwa sababu ya aina ya hadithi yenyewe. Tumezoea kwamba steringi hafi. Tunajua atashinda, lakini tunavumilia kwa kuwa atapigwa kwanza, atavuja jasho, atapoteza rafiki. Overlord haina hata hicho. Steringi ndiye adui mwenyewe. Ni mfu wa mifupa mitupu, na ndani yake kuna Suzuki Satoru, mfanyakazi wa kawaida wa ofisini aliyebaki ndani ya mchezo wa Yggdrasil mpaka dakika seva ilipotakiwa kuzimwa. Hana mpinzani wa kumkwaruza. Hata hofu yake au furaha yake ikipanda sana, mwili ule wa mfu unaizima. Joka la barafu Olasird'arc linatamba mbele yake juu ya kiti chake cha enzi, Ainz anatumia uchawi mmoja tu wa kuponda moyo, joka limekwisha. Anayekuja kutafuta pambano la kutoa jasho ataondoka na njaa.

Kumbe utamu wote uko kwa wanaokanyagwa. Wanafikiri nini usiku wa mwisho, wanamlaumu nani, nani anasimama na nani anaficha uso. Ukiwanyima muda hao, umebakiza nini? Mifupa inayotembea.

Msimu wenyewe unalijua hili, ndiyo maana nazidi kukasirika. Tazama wanavyomtendea Jircniv, mfalme mkuu wa Baharuth. Kapanga kikao cha siri na wajumbe wa nchi ya Slane kwenye uwanja wa mapambano, wazungumze namna ya kumzuia Ainz. Mara Ainz huyo kajitokeza, kaja kupigana na bingwa wa uwanja kwa mambo yake mwenyewe, hana habari na kikao chochote. Wajumbe wanamgeukia Jircniv wakiamini kawauza. Jircniv naye anaamini Ainz kaona kila kitu tangu mwanzo. Hakuna aliyepigwa, hakuna damu iliyomwagika kwa ajili yake, na bado mtu mzima mwenye akili kuliko wote kwenye nchi yake anavunjika mbele ya macho yetu, anaomba nchi yake iwe chini ya Ainz. Na Ainz anapolisikia ombi hilo, anashangaa kuliko mtu yeyote. Nililitazama tukio lile mara mbili mfululizo. Walipewa nafasi ya kupumua, na limekaa sawasawa.

Safari ya kwenda kwa wale mafundi wafupi wa mlimani sina mengi ya kuisema. Gondo, mmoja wao, na ufundi wake wa maandishi ya kichawi unaokufa angestahili zaidi. Shalltear na Aura, watumishi wa Ainz, wanawapunguza Quagoa, viumbe maadui wa mafundi hao, hadi wabaki 10,000, na ukatili huo unapita haraka kiasi kwamba haukuchomi. Majeshi yamechorwa kwa kompyuta na yanatembea kwa ugumu unaoonekana wazi. Hayo naweza kuyasamehe.

Mpaka hapo hukumu yangu ilikuwa moja: usipoteze muda wako. Nilikuwa nimeshaisema kwa watu.

Kisha akaja Zanac. Mwanamfalme mnene ambaye misimu yote iliyopita hakuna aliyemtazama mara mbili, sasa ndiye anayebeba taji wakati ufalme unaungua mji baada ya mji. Anatoka na jeshi lake kumkabili Ainz, na kabla ya mapigano wanakaa wawili wakazungumza. Hakuna anayepiga kelele wala kutisha. Zanac anataka kujua mwenzake anatafuta nini hasa, maana nguvu anazo, mali anazo, na kifo hakimgusi. Ainz anamjibu kwamba anatafuta furaha, ya kwake na ya walio wake. Zanac anaupokea ukweli huo kama mtu mzima. Nimerudia mazungumzo yale sijui mara ngapi. Kile kinachotisha kwa Ainz ni kwamba hamchukii Zanac hata kidogo. Anamheshimu, na yuko tayari kumuua.

Na bado Zanac hauawi na Ainz. Makabaila wake mwenyewe wanamgeuka, wanamkata kichwa, wanakipeleka kwa Ainz wakitarajia kusamehewa. Hapo ndipo mfu yule asiye na moyo anapokasirika kwa ajili ya adui yake, anawapa wasaliti adhabu ya mateso, na kutaka mwili wa Zanac utendewe kwa heshima. Nilisimama. Kwa dakika zile niliwasamehe Madhouse, studio iliyoutengeneza msimu huu, kila kitu. Nikawa tayari kusema huu ndio msimu bora kuliko yote minne.

Na Brain Unglaus, yule mpiga upanga! Msimu wa kwanza, 2015, Shalltear alicheza naye mpaka akakimbia analia. Mwaka 2018 akafanikiwa kumkata ukucha, ukucha tu, akafurahi kama aliyeuteka ulimwengu. Sasa anasimama peke yake kwenye barabara ya mji mkuu mbele ya Cocytus, mtumishi mwingine wa Ainz, akijua fika kwamba hatoki hai, na Cocytus anampa heshima ya shujaa kwa shujaa. Anakufa kwa pigo moja. Uzito wa pigo lile umetokana na miaka ya kumfuata Brain kutoka woga hadi pale. Hivyo ndivyo kifo kinavyoandaliwa.

Sasa rudi kwa Philip. Ikiwa wanajua kumwandaa Brain kwa misimu mitatu, kwa nini hawakuweza kumwandaa kwa episodi moja kamili mtu aliyewasha moto uliomla Brain huyo huyo? Kwa nini Zanac atoe roho kwa ajili ya mikokoteni ambayo hata hatukuiona ikipakiwa? Kila nikilisifu tukio la Zanac, hasira inanirudia kutoka upande wa pili, kwa sababu lingeuma mara kumi zaidi kama tungejua nafaka ile ilikuwa inawaendea watu gani, na nani aliyewatia njaa.

Filamu nimeitazama baadaye, na ndiyo iliyonithibitishia. Demiurge, mtumishi wa Ainz, ndiye anayeupiga Ufalme Mtakatifu chini ya jina la Jaldabaoth, ili Ainz aje kuwa mwokozi. Nchi inasagwa kwa makusudi, kisha inapelekewa mkate na yule yule aliyeisaga, na njiani mkate huo unaibwa na mpumbavu asiyejua amegusa nini. Ni mpango mmoja mkubwa na wa kutisha, na mtazamaji wa 2022 alipewa kipande cha mwisho tu. Nimegundua pia kwamba hata upole wa Ainz kwa Zanac unabadilika rangi ukishajua haya. Sijui tena kama namheshimu au namchukia, na siwezi kuupa msimu huu alama.

Anayeanza leo asitazame nilivyotazama mimi. Aishie episodi ya 7, aitazame filamu yote, amwone Neia Baraja, msichana wa Ufalme Mtakatifu, anavyogeuka kidogo kidogo mpaka anamwamini Ainz kuliko kitu chochote, ndipo arudi episodi ya 8. Na Philip akitokea mbele ya msafara, asipepese macho, maana hawampi muda mrefu.