Sururu au beleshi kwa mwenye ditekta?

Ukitembeza ditekta, kile kifaa kinacholia kikipita juu ya metali, kutafuta vipande vya dhahabu huko Chunya mkoani Mbeya, swali haliishi: ubebe sururu au beleshi? Kwa ardhi kavu yenye changarawe na mawe meupe ya kwatzi, mimi ni mtu wa sururu ndogo. Ncha inapasua, ubapa wa upande wa pili unakwangua taratibu, na mpini wa futi tatu hivi unakupunguzia kuinama. Wengine hubandika sumaku kwenye kichwa chake. Msumari au kifuniko cha soda kikinasa hapo, umeshajua kilichokuwa kinalia, hasira zako umeze.

Beleshi lina mahali pake: mchanga wa kando ya mto, au shimo likishafika magotini. Hapo sururu inalegeza tu, udongo unabaki palepale. Chukua lenye ncha iliyochongoka na mpini mfupi. Lile bapa la kukorogea zege liache kwa mafundi.

Vyote viwili ni chuma. Viweke kando hatua kadhaa kabla ya kupima shimo tena, usije ukachimba nusu saa ukifuata mlio wa sururu yako mwenyewe.